Gesi ya ng'ombe inapovuja: anza kutafuta jikoni, kuba liwe la mwisho

Nilifukua udongo juu ya kuba la mtambo wa bayogesi (gesi ya samadi) wa mama mmoja wa Kibosho kwa siku mbili nzima kabla sijagundua kwamba gesi yake ilikuwa inavujia jikoni, kwenye koki ya nusu inchi niliyoipita kila nilipoingia kunywa chai. Siku ya tatu alisimama mlangoni, akalitazama lile shimo kati ya migomba yake, akaniuliza: "Fundi, umekuja kutengeneza gesi au kuchimba kaburi?" Sikuwa na jibu. Mwongozo huu nimeuandika ili wewe mwenye mtambo, au wewe fundi kijana unayeanza kazi Machame, Marangu, Tengeru au Usa River, usije ukaulizwa swali kama hilo.

Kazi yenyewe haina uchawi. Unatenga, unapima, unapaka sabuni, unaziba, unapima tena. Kinachowashinda wengi ni mpangilio. Wanaanza na kuba kwa sababu ndilo kubwa na limejificha ardhini, kumbe mara nyingi upenyo uko kwenye kiungio cha bei ya soda.

Nazungumzia mtambo wa kuba lisilosogea, ule wa matofali na saruji uliozikwa ardhini. Ndio uliozagaa huku kwetu tangu CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini kilichopo Arusha, walipoanza kuueneza miaka ya 1980 wakishirikiana na Wajerumani, na ukapata nguvu mpya mradi wa taifa wa bayogesi majumbani ulipoanza mwaka 2009.

Kwa nini uvujaji "mdogo" si mdogo

Bayogesi ni methani kwa asilimia 55 hadi 65 hivi. Inayobaki karibu yote ni kaboni dioksaidi, pamoja na haidrojeni salfaidi kidogo, ile yenye harufu ya yai viza. Methani ikiungua kwenye jiko inageuka kaboni dioksaidi na mvuke wa maji, na kaboni hiyo ilikuwa kwenye majani aliyokula ng'ombe wako juzi. Ikipanda hewani bila kuungua, kilo yake moja inaipasha dunia joto mara 28 hivi kuliko kilo moja ya kaboni dioksaidi kwa hesabu ya miaka 100. Kwa hesabu ya miaka 20, inapita mara 80.

Lipime hilo kwa sufuria. Meta moja ya ujazo ya bayogesi inawasha jiko la bana moja saa mbili hadi tatu, yaani maharage yanaiva. Ndani yake mna kama kilo 0.4 za methani. Ikivuja yote, ni sawa na kutoa kilo 11 hivi za kaboni dioksaidi, na maharage bado mabichi.

Kuna jambo jingine ambalo anayekuuzia mtambo hatalisema. Samadi iliyolundikwa juani nyuma ya zizi inapata hewa, kwa hiyo inatoa methani kidogo tu. Ukiichanganya na maji ukaifungia kwenye shimo lisilo na hewa, umewaandalia karamu bakteria wanaotengeneza methani. Ukiichoma yote, umefanya la maana, na kuni za mlimani zimepona. Ukiiacha ivuje, huenda hewa ingekuwa salama zaidi ungebaki na lundo lako na kuni zako. Ndiyo maana siwaelewi wanaosema "inavuja kidogo, lakini bado tunapika."

Wenye visima vya gesi nao wanapambana na hilohilo, ila kwa kiwango cha kutisha. Oktoba 2015, kisima kimoja cha hifadhi ya gesi huko Aliso Canyon, California, kilipasuka bomba lake chini ya ardhi kwa kutu. Hadi kilipozibwa Februari 2016 kilikuwa kimetoa karibu tani 100,000 za methani. Walijaribu mara kadhaa kukizima kwa kusukuma vimiminika vizito kutoka juu, ikashindikana. Kilichosaidia ni kuchimba kisima cha pili kando, kikaenda kukutana na kile cha kwanza chini kabisa, ndipo wakakinyamazisha na kukifunga kwa saruji. Sisi huku kaskazini hatuna visima. Gesi ya nchi hii iko Songo Songo na Mnazi Bay. Lakini kila mtu aliyewahi kumwaga saruji juu ya kuba lake bila kujua upenyo uko wapi amefanya kosa la kuzibia juu kinachovujia chini.

Kwanza hakikisha kweli inavuja

Gesi kupungua na gesi kuvuja ni vitu viwili. Juni na Julai kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru ardhi inapoa, na bakteria wanazembea. Moto wa jioni utafupika hata kama mtambo hauna tundu. Ukimwuza ng'ombe mmoja kulipa ada, gesi imeondoka naye. Hesabu ni rahisi: kilo moja ya samadi mbichi hutoa lita 30 hadi 40 za gesi, kwa hiyo ndoo za kilo 25 kwa siku, zikichanganywa na maji kiasi kilekile, zikupe chini kidogo ya meta moja ya ujazo. Kama unalisha kilo 10, usimtafute mchawi.

Uliza pia nani anaosha zizi na kwa kitu gani. Maji yenye dawa ya kupe, dawa ya kuua vijidudu, au samadi ya ng'ombe aliyechomwa antibiotiki vikiingia shimoni vinawaua wale wadudu wanaokutengenezea gesi. Hali hiyo haizibwi kwa tepu. Unaacha kuyaingiza, unalisha samadi safi, unasubiri wiki kadhaa.

Vifaa

Tafuta mpira mwangavu ule mafundi ujenzi wanaopimia levo, meta 4. Ufunge kwenye ubao wa meta moja na nusu kwa umbo la herufi U, ujaze maji hadi nusu, utie chai kidogo yapate rangi. Hiyo ndiyo manometa yako, na ni ya kuaminika kuliko saa nyingi za presha za dukani. Presha unayosoma ni tofauti ya urefu kati ya maji ya upande mmoja na ya upande wa pili; usipime upande mmoja peke yake, utapata nusu. Mtambo wa kuba unaweza kufika hata sentimita 100, ndiyo maana ubao uwe mrefu.

Pamoja nayo: sabuni ya maji, brashi ya rangi, spana mbili za bomba, tepu nyeupe ya bomba au nyuzi za katani, chaki, daftari, tochi. Kiberiti kiache kwa jirani. Nimeona watu wazima wakipitisha mshumaa kwenye viungio "kuona kama utawaka." Methani ikifika asilimia 5 hadi 15 ya hewa ya chumba, haiwaki kistaarabu, inalipuka.

Wala usitegemee pua. Harufu inatokana na haidrojeni salfaidi, sio methani, na kama una chujio la chuma chenye kutu, harufu imeondolewa humo. Zaidi ya hapo, gesi hiyo ikiwa nyingi inaua uwezo wa kunusa kabla ya kumuua mwenye pua.

Gawa mtambo vipande viwili

Hapa ndipo siku zangu mbili za Kibosho zilipopotelea, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Fanya kazi hii alfajiri au jioni, bomba likiwa halipigwi na jua. Gesi iliyofungiwa inapanda na kushuka presha kwa joto: nyuzi moja tu ya selisiasi inasogeza manometa karibu sentimita 3. Ukipima saa nne asubuhi utadhani bomba linajiponya lenyewe.

Chomoa mpira kwenye jiko, uuchomeke kwenye manometa. Fungua koki ya jikoni na koki kuu iliyo karibu na kuba. Tuseme inasoma 60. Sasa funga koki kuu, halafu chomoa mpira uachie gesi iliyomo bombani itoke nje, madirisha yakiwa wazi na hakuna moto karibu. Rudisha mpira kwenye manometa na utazame. Ikibaki sifuri, koki kuu inafunga vizuri. Ikianza kupanda, koki kuu inapitisha, na kipimo kitakachofuata kitakudanganya, kwa sababu kuba litakuwa linalijaza bomba kimyakimya wakati bomba linavuja. Badilisha koki hiyo kwanza.

Koki kuu ikiwa nzima, ifungue tena bomba lijae, ifunge, andika kipimo na saa. Subiri nusu saa. Bomba la nusu inchi lenye urefu wa meta 20 linabeba gesi lita 4 tu hivi. Ujanja uko hapo: gesi ya ujazo wa kikombe cha chai kisichojaa ikitoroka, manometa inashuka kama sentimita 30. Upenyo mdogo kama wa sindano hauwezi kujificha. Maji yasiposogea, bomba lako ni zima, acha kulisumbua. Yakishuka, chukua sabuni.

Kwa upande wa kuba kipimo ni kingine. Jioni, baada ya kupika, funga koki kuu na upige mstari wa chaki kwenye ukuta wa tangi la kutokea tope, pale tope lilipofikia. Usiku gesi inazaliwa na kulisukuma tope juu. Alfajiri tope linatakiwa liwe limepita mstari. Kama liko palepale au limeshuka na ulilisha vizuri, tatizo liko kwenye kuba, shingo (mdomo wa juu wa kuba), au kipande kifupi cha bomba kabla ya koki kuu. Hicho kipande kifupi watu hukisahau. Kipake sabuni kabla ya kufikiria jembe.

Sabuni na viungio

Koroga sabuni ya maji iwe nzito kiasi, ipake kwa brashi kuzunguka kiungio chote, hata upande wa ukutani, kisha simama dakika moja bila kuhama. Upenyo mkubwa unapuliza povu mara moja. Mdogo unatengeneza vijipovu vyeupe kama mate ya konokono, na ukiwa na haraka hutaviona. Anza na koki. Haidrojeni salfaidi inakula shaba, na koki za shaba za maji, ambazo ndizo za bei rahisi dukani, zinalika kwenye shina la kugeuzia. Ya mama wa Kibosho ilionekana mpya kwa nje. Baada ya koki, nenda kwenye viungio vya bomba (yunioni, elbo, tii), kisha mpira wa jiko pale unapobanwa na klipu.

Kiungio kikivuja usikikaze tu. Funga koki kuu, toa gesi, kifungue. Sugua thredi (meno ya kukazia) kwa brashi ya waya hadi ing'ae. Zungusha tepu kufuata upande wa kukazia, mizunguko mitano hadi sita, ukiacha jino la kwanza wazi ili vipande vya tepu visiingie bombani. Kwa bomba la chuma la zamani lenye thredi zilizochakaa mimi napendelea katani iliyopakwa rangi ya mafuta. Inajaza mashimo ambayo tepu inayaruka. Kaza mpaka mwisho na usirudishe nyuma hata robo mzunguko kunyoosha elbo. Ukirudisha, umeirarua tepu, anza upya.

Mpira uliopasuka unakatwa au unabadilishwa. Kuufunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli nimeshakukuta katika nyumba nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka, na hakuna hata mmoja uliokuwa hauvuji. Bomba la plastiki lililozikwa juujuu kihambani nalo hukatwa na jembe wakati wa palizi. Lifukie angalau futi moja, na ukumbuke limepita wapi.

Mtego wa maji, yaani sehemu ya chini ya bomba inayokusanya maji yanayotokana na mvuke wa gesi, hauhitaji maneno mengi. Bomba lote literemke kuuelekea. Moto ukirukaruka, una maji bombani, yatoe. Kama mtego wako ni wa umbo la U bila koki, wakati wa kiangazi maji yake hukauka na gesi ikapata njia wazi, ujaze.

Mfuniko wa shingo

Mitambo mingi ina shingo juu ya kuba, imefungwa kwa mfuniko wa zege uliokandikwa udongo wa mfinyanzi, na juu yake maji. Maji hayo ndiyo mlinzi: udongo ukiwa umelowa unaziba, ukikauka unapasuka. Yakitoa mapovu, unajua moja kwa moja gesi inatokea wapi. Yamalize mapovu hivi: tumia gesi yote, fungua koki mpaka presha ifike sifuri, inua mfuniko ukiwa wawili, kwangua udongo wa zamani wote. Ponda mpya, toa mawe na mizizi, kanda kama unga wa chapati hadi usipasuke unapoukunja kidoleni. Paka unene wa vidole viwili, shusha mfuniko wima, ugandamize kwa uzito, jaza maji. Mtoto mmoja wa nyumbani apewe kazi ya kuyaongeza kila Jumapili. Usiiname juu ya shingo iliyo wazi na usiruhusu yeyote kuchungulia ndani.

Kuba lenyewe

Ukifika hapa, kila kingine kimepimwa na ni kizima, na mstari wa chaki bado unasema gesi inapotea. Achia presha kabla ya kufukua. Udongo ulio juu ya kuba unalikandamiza lisipasuke kwa nguvu ya gesi. Ukiuondoa huku kuba limejaa, unaweza kutengeneza ufa ambao haukuwepo. Kuziba kwa nje kwa saruji hakudumu, kwa sababu gesi inaisukuma plasta itoke ukutani. Dawa iko ndani.

Na ndani kunaua. Gesi ikikaa humo hakuna oksijeni, na haidrojeni salfaidi ni nzito kuliko hewa, inatulia chini. Watu wamekufa kwa kushuka kuokoa ndoo, kisha wa pili akafa kwa kushuka kumwokoa wa kwanza. Kazi hii mpe fundi aliyefundishwa na anayeingia na kipima gesi. Hata hivyo simamia masharti haya: tope lote litolewe, shingo na pande zote mbili, wa kulishia na wa kutolea tope, zibaki wazi siku kadhaa, hewa ipulizwe ndani kwa feni, kabla na muda wote mtu akiwamo, anayeshuka afungwe kamba kifuani, na watu wawili wenye nguvu wabaki juu wakimsemesha kila dakika. Asiposikika, avutwe, asifuatwe. Tochi tu, hakuna taa ya moto wala sigara. Fundi akikwambia "nitaruka mara moja tu," mlipe nauli aende.

Ndani, ukuta unasuguliwa hadi saruji ngumu, na ufa unachongwa uwe mpana upokee saruji. Kisha plasta ya tabaka saba kwa kupokezana: maji ya saruji kwa brashi, plasta ya saruji moja kwa mchanga safi mbili na nusu, maji ya saruji tena, na kuendelea, dawa ya kuzuia maji ikiingia kuanzia tabaka la nne. Yote yaishe ndani ya saa 24, kila tabaka likidaka lililotangulia kabla halijakauka. Fundi anayefanya matatu leo na manne keshokutwa amekutengenezea maganda ya kitunguu. Baada ya hapo ukuta ulowanishwe kwa wiki moja.

Kabla ya kurudisha samadi, jaza maji, yaache yanywewe na ukuta siku moja, funga koki kuu, kisha ongeza maji mpaka manometa isome kama sentimita 80. Linganisha alfajiri kwa alfajiri. Kushuka kwa ukucha mimi nakubali. Kushuka kwa kiganja, fundi harudi nyumbani.

Gesi usiyoitumia nayo inavuja

Mtambo mzima usiotumika unajaa, presha inapanda, na gesi inabubujika yenyewe kupitia upande wa kulishia au wa kutolea tope. Ukisafiri wiki nzima kwenda Dar na mtambo unaendelea kulishwa samadi, umeachia methani hewani kwa mkono wako. Punguza kulisha siku chache kabla, au mwachie jirani jiko achemshie maji ya kuoga.

Mama wa Kibosho tangu koki ibadilishwe ana gesi ya ziada kila jioni, na anapikia nguruwe pumba. Lile shimo nililifukia mwenyewe, bila malipo, na mche wa mgomba nilioung'oa nikaurudishia.